Maswali ya Wasomaji: Makaa ya Vifuu na Sumu Isiyoonekana Majini

Barua nyingi za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja: je, makaa yanaweza kuondoa majini zile kemikali za viwandani na za kuulia wadudu ambazo haziozi wala hazichakai? Tumezifupisha barua, lakini majibu tumeyaacha marefu pale yanapohitaji urefu.

Nyumba yetu iko Langoni, Lamu, na kisima kiko uani. Zamani wazee walimwaga dawa ya mchwa chini ya kuta na kwenye boriti. Nasikia dawa zile hazifi. Nikitia makaa ya jikoni mtungini, maji yatasafika?
*Mama wa watoto wanne, Langoni*

Makaa ya jikoni hayatoshi, mama. Kaboni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inatosha, na tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Dawa za mchwa za enzi hizo mara nyingi zilikuwa aldrini, dieldrini au klordeni. Zote tatu zimo katika zile kemikali 12 za mwanzo zilizotajwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Aldrini ikikaa udongoni hugeuka dieldrini, na dieldrini hukaa miaka mingi kwa sababu imejaa klorini, na bakteria wa udongoni hawana njia nyepesi ya kuivunja. Tena haipendi maji, inapenda mafuta: ikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta ya mwili na kwenye maziwa ya mama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kidogo sana kwa aldrini na dieldrini zikijumlishwa, maikrogramu 0.03 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu inatosha kufikisha lita milioni 33 kwenye mpaka wa hatari. Usitegemee pua, ulimi wala jicho kuijua.

Sasa makaa. Kaboni hushika kemikali hizi kwenye kuta za vitundu vyake vya ndani. Kaboni amilifu iliyopikwa upya kwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 1,000 ina vitundu vingi kiasi kwamba gramu 7 zake, ukizikunjua, zina eneo la uwanja mzima wa mpira. Makaa ya tanuri la udongo hayakupata moto wa kutosha. Vitundu ni vichache, na vilivyopo vimezibwa na lami ya moshi. Ukiyatia mtungini utapata maji yenye vumbi jeusi na utulivu wa moyo usio na msingi.

Kabla hujatumia pesa kwa kaboni, lakini, angalia choo kiko umbali gani na kisima. Katika mji wa kale mashimo ya vyoo na visima vimebanana, na mchanga wa Lamu hauzuii sana. Vijidudu vya choo humuumiza mtoto wiki hii hii. Dieldrini huumiza kwa miaka. Kwa hiyo anza na klorini. Ikiwa nyumba yenu ina jabia linalopokea maji ya mvua kutoka dari safi, tumieni hayo kwa kunywa na kupika, na ya kisima yabaki ya kufulia na kuoshea sakafu. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuikwepa dawa ya mchwa. Kisha kipimeni kisima mara moja maabara. Namna ya kuchukua sampuli tumeieleza mbele.

Mimi ni mkulima kando ya Mto Sabaki, upande wa Malindi. Nina vifuu vya nazi magunia kwa magunia. Nataka chujio la nyumbani, tunatumia lita kama 40 kwa siku kunywa na kupika. Nipeni vipimo, si nadharia.
*Mkulima, Malindi*

Vipimo ni hivi, ndugu yetu, lakini anza na matope, si na kaboni. Sabaki ni mwisho wa Mto Athi na Galana. Hubeba udongo wa mashamba na maji machafu ya miji kutoka bara. DDT, ile dawa ya zamani ya wadudu, na jamaa zake huyeyuka kidogo mno majini, kwa hiyo sehemu kubwa husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo. Ukiyatuliza maji vizuri, umeshaondoa mzigo mkubwa kabla kaboni haijaguswa. Ukiyapitisha yakiwa ya kahawia, matope yataziba kaboni ndani ya siku chache, na ile rangi ya majani yaliyooza itagombania vitundu na sumu unayotaka kuishika.

Chukua dramu ya lita 200. Yeyusha gramu 10 za shabu, sawa na vijiko viwili vya chai, katika kopo la maji, mimina, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 10. Iache saa 3 au 4. Maji yakiwa bado na ukungu, safari ijayo ongeza hadi gramu 20. Msimu wa mvua utahitaji zaidi, kiangazi pungufu. Teka ya juu bila kutibua, yapitishe kwenye ndoo ya mchanga uliooshwa wenye kina cha sentimita 40. Tope la chini lizikwe shimoni mbali na kisima, usilimwage kwenye matuta ya mboga, maana ndilo lililokusanya sumu.

Upande wa kaboni una njia mbili. Ukiweza kununua, nunua kaboni amilifu ya punje iliyotokana na vifuu. Muulize muuzaji mambo matatu: namba ya iodini (kipimo cha wingi wa vitundu) iwe 900 au zaidi, majivu yasizidi asilimia 5, na punje ziwe kati ya nusu milimita na milimita 2. Asiyejua namba ya iodini ya bidhaa yake, mwache.

Ukitaka kutengeneza, andaa kilo 20 za vifuu vikavu vilivyokwanguliwa nyuzi. Vijaze kwenye debe la chuma lenye kifuniko cha kubana, toboa tundu moja la msumari juu. Debe lisiwe la mabati yaliyopakwa zinki, kwani zinki ikiungua hutoa moshi unaoumiza mapafu, wala lisiwe lililokuwa na rangi au dawa ya shamba. Liweke ndani ya dramu, zungushia kuni na makumbi, washa. Baada ya muda gesi itatoka tunduni na kushika moto. Huo mwali ukizimika wengi huondoa debe, na hapo ndipo makaa yanapoharibikia: bado kuna lami iliyobaki vitunduni. Endelea kuchochea saa nzima zaidi, hadi debe lenyewe liwe na wekundu hafifu unaoonekana gizani, dalili ya nyuzi 600 hivi. Ziba tundu kwa udongo, liache lipoe usiku kucha. Ukilifungua likiwa moto, hewa itaingia na utabaki na majivu.

Kilo 20 za vifuu hutoa kama kilo 5 au 6 za makaa. Yaponde, yapitishe kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, kisha uchekeche tena kwa chujio la chai na utunze yanayobaki juu ya chujio. Vumbi linaloanguka chini, karibu nusu ya yote, halifai kwa paipu. Usijaribu kuongeza nguvu ya makaa nyumbani kwa kloridi ya zinki au potasi kali. Viwandani hutumika, lakini huoshwa na kupimwa kwa namna ambayo uani haiwezekani.

Jaribio la nyumbani la kupima makaa yako ni hili. Nunua duka la dawa iodini ya vidonda ya asilimia 2. Chukua chupa mbili za lita moja za maji safi, tia mililita 10 katika kila moja. Zote zitakuwa za rangi ya chai hafifu. Saga makaa yawe laini kama poda, tia gramu moja, yaani nusu kijiko cha chai, katika chupa moja. Zitikise zote dakika 10, acha zitulie, ziweke mbele ya karatasi nyeupe. Kaboni nzuri huifanya chupa yake iwe nyeupe kabisa. Ikibaki ya njano au ya chai, vitundu ni vichache, rudisha makaa motoni. Maji hayo yamwagwe, yasinywewe.

Sasa paipu. Tafuta PVC ya inchi 4 ya maji ya kunywa, si ile ya maji taka, urefu wa mita moja, yenye kifuniko chini. Chini weka sentimita 10 za kokoto ndogo na mchanga mkubwa vilivyooshwa, juu yake sentimita 60 za kaboni, na sentimita 30 zinazobaki ni nafasi ya maji. Hiyo ni kaboni ya lita 4.7, uzito wa kilo 2.4 hivi. Kabla ya kuijaza, ioshe hadi maji yasiwe meusi, kisha ilowekwe saa 24 katika maji yaliyochemshwa. Kaboni kavu imejaa hewa, na kitundu chenye hewa hakishiki kitu. Tia maji kwenye paipu kwanza, ndipo umimine kaboni ikiwa mbichi kidogo kidogo huku unagonga ubavu wa paipu, ili pasibaki mifuko ya hewa ambamo maji yatapenya bila kugusa punje.

Paipu ya kutolea maji, ya nusu inchi, itoke chini, ipande nje hadi kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni mwa chujio, ndipo ipinde kushuka mtungini. Kwa kimo hicho kaboni haikauki hata ukiondoka siku mbili. Kaboni ikikauka hupasuka mifereji, na maji hufuata mifereji hiyo.

Koki iwe upande wa kuingilia, kati ya dramu ya maji yaliyokwisha kupita mchangani na paipu, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Maji yanahitaji kukaa ndani ya kaboni dakika 15. Lita 4.7 kwa dakika 15 ni kama lita 19 kwa saa: mtungi wa lita 20 ujae kwa saa moja na dakika chache, usiwe kabla. Kinga chupa ya nusu lita. Ikijaa kabla ya sekunde 95, funga koki kidogo. Pima asubuhi na pima tena dramu ikishuka nusu, kwani msukumo hubadilika. Kwa makaa ya nyumbani, ambayo si amilifu kamili, weka paipu mbili mfululizo zenye kasi ile ile, ili dakika ziwe 30.

Lita chache za mwanzo zitakuwa na ladha ya magadi kwa sababu vifuu vina potasi nyingi, zimwage. Mtiririko ukidhoofika baadaye, usiongeze shinikizo: kwangua sentimita 2 za juu uzibadilishe. Maji yakishatoka, tia klorini ya maji ya asilimia 1.25, mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, usubiri nusu saa. Klorini ni baada ya kaboni, daima. Ukiitia kabla, kaboni itaimeza yote, na maji yatatoka bila kinga wakati kaboni yenyewe ni makao mazuri ya bakteria.

Badilisha kaboni kila lita 5,000 au kila miezi 4, lolote litangulialo. Tunashauri hivi kwa tahadhari, kwani kaboni ya dukani kwenye maji safi huenda mbali zaidi. Lakini kaboni iliyoshiba haitoi dalili. Maji yatakuwa meupe vile vile na matamu vile vile, na sumu inapita. Andika tarehe ukutani kwa rangi isiyofutika.

Nyumba yetu ya wageni Shela ina chujio la kaboni la inchi 10 chini ya sinki. Muuzaji alisema linaondoa kemikali zote. Maji hayana harufu tena. Je, tumesalimika?
*Msimamizi, Shela*

Mmesalimika na harufu ya klorini, ndugu. Zile sumu sugu ni hesabu nyingine. Kopo la inchi 10 lina kaboni ya lita 0.6 hivi. Mfereji wa sinki ukitoa lita 4 kwa dakika, maji hukaa ndani yake sekunde 9. Klorini huondoka kwa muda huo kwa sababu hupambana na kaboni papo hapo. Molekuli za dawa ya wadudu lazima zitembee hadi ndani ya punje, na sekunde 9 hazitoshi.

Tuseme mnahitaji lita 300 kwa siku za kunywa na jikoni. Ziendesheni polepole kwa saa 15, lita 20 kwa saa, ziingie tangi la kuhifadhi. Wekeni paipu mbili za lita 5 za kaboni, moja baada ya nyingine, na koki ndogo ya sampuli katikati. Maji ya koki ya katikati yakionyesha sumu maabara, paipu ya kwanza imekwisha kazi. Itolewe, ya pili ihamie nafasi ya kwanza, na mpya ikae nyuma. Kwa mpangilio huu mgeni hanywi kosa, kwa sababu kuna paipu nzima nyuma ya ile iliyoshindwa. Nyumba za wageni nyingi huweka paipu moja kubwa badala ya mbili za wastani. Pesa ni zile zile, lakini wamejinyima mahali pa kuchungulia.

Kama hofu yenu ni zile kemikali za florini za povu la kuzimia moto na za vyombo visivyoshika chakula, jueni kwamba zenye mnyororo mrefu, kama PFOS, hushikwa vizuri, na zenye mnyororo mfupi hupenya mapema sana. Kwa hizo fupi kaboni peke yake si dawa.

Je, kaboni itaondoa chumvi ya kisima chetu?
*Msomaji, Lamu*

Hapana. Wala haiondoi nitrati, floridi au ugumu wa maji. Chumvi inahitaji mtambo wa utando wa shinikizo, na hapo kaboni hutangulia kwa kazi nyingine: kuondoa klorini isile utando.

Kaboni iliyoshiba naweza kuichemsha au kuianika juani nikaitumia tena? Na kuchemsha maji yenyewe hakutoshi?
*Msomaji, Malindi mjini*

Jua na maji ya moto havifiki huko. Viwandani kaboni husafishwa upya katika tanuri la zaidi ya nyuzi 800 lisilo na hewa ya kutosha kuwaka. Ukianika uani, unafukuza unyevu tu, sumu imebaki. Kuchemsha maji huua vijidudu na ni jambo jema, ila hakuvunji DDT wala dieldrini.

Tukitaka kupima, sampuli tunaichukuaje? Lamu ni mbali na maabara.
*Mwalimu, Lamu*

Umbali si tatizo, mwalimu, chupa ndiyo tatizo. Kwa dawa za wadudu zenye klorini tumia chupa ya glasi ya kahawia ya lita moja, iliyosafishwa na maabara yenyewe kwa kiyeyusho, yenye kifuniko kilichofunikwa ndani kwa foili au tefloni. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai, kwani sumu hizi hujishika kwenye plastiki, na majibu yatasema maji ni safi. Kwa zile kemikali za florini kanuni ni kinyume: chupa ya plastiki ya polipropilini, si glasi wala tefloni. Watu wengi wamelipa pesa nyingi kwa majibu ya uongo kwa sababu ya kosa hili moja.

Usioshe chupa kwa sabuni, usiguse mdomo wake. Sampuli mbili kila mara, maji kabla ya chujio na maji baada yake, kwani sampuli moja peke yake haikuambii kama chujio linafanya kazi au kisima kilikuwa safi tangu mwanzo. Iweke kwenye sanduku la barafu, nyuzi 4, gizani, na ifike ili maabara iitoe kemikali ndani ya siku 7. Kwa basi hiyo inawezekana kabisa. Piga simu kwanza. Mkemia Mkuu wa Serikali ana tawi Mombasa, na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ina maabara ya mabaki ya dawa za wadudu Nairobi; uliza kama wanapima hadi maikrogramu 0.01 kwa lita. Maabara inayoishia maikrogramu 1 haiwezi kukuambia lolote juu ya dieldrini, ambayo mpaka wake ni 0.03. Itakuandikia "haikuonekana", na utaielewa vibaya.

Kaboni chakavu niitupe wapi? Mke wangu anasema ni makaa tu, tuyapikie.
*Mvuvi, Malindi*

Mwambie mama asiyapikie, tafadhali, na asiyatie shambani kama mbolea. Kemikali zenye klorini zikichomwa kwa moto wa jiko, ambao hauna joto wala hewa ya kutosha, zinaweza kugeuka dayoksini, na dayoksini ni mbaya kuliko zilizotangulia. Moshi unawaingia ninyi na majivu yanaangukia sufuria. Ichuje maji, itie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, andika juu yake, ihifadhi pakavu mbali na kisima. Paipu moja kila miezi 4 ni ndoo moja hivi kwa mwaka. Ndoo zikifika tatu au nne, ulizeni ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu mchukuaji taka hatari mwenye leseni; majirani wakikusanya pamoja, gharama hugawanyika.

Umeuliza pia, kwa vile wewe ni mvuvi, kama kaboni inaweza kumwagwa kwenye matope ya ghuba ili samaki wasiile sumu. Inafanywa. Huko Hunters Point, San Francisco, walichanganya kaboni na tope lenye PCB (kemikali za klorini za vifaa vya zamani vya umeme) kwa kiwango cha asilimia chache za uzito, na katika fiodi (ghuba ndefu nyembamba) za Grenland, Norwei, walitandaza tabaka jembamba lenye kaboni juu ya tope lenye dayoksini mwaka 2009. Sumu haitoki pale, inashikwa tu isiingie kwa minyoo na kaa ambao samaki huwala. Lakini hiyo ni kaboni amilifu mpya, kwa tani, baada ya tope kupimwa. Kaboni chakavu ya chujio lako ukiitupa mkokoni utakuwa umeongeza sumu, si kuipunguza.